Mgeni Hajifunzi Lugha Peke Yake

Mtihani anaofanya mhamiaji nchini Ujerumani baada ya kumaliza kozi ya lugha ya serikali una sehemu nne. Kusikiliza dakika 25, kusoma dakika 45, kuandika dakika 30. Kisha watahiniwa wawili wanaketi mbele ya watahini kwa dakika kama 16. Kila mmoja anajieleza, anazungumzia picha aliyopewa, na mwishoni wawili hao wanatakiwa wapange jambo pamoja: sherehe ya kumuaga mwenzao kazini, kwa mfano, au matembezi ya Jumapili. Nani ataleta vinywaji? Tukutane wapi? Mvua ikinyesha je? Wote wawili ni wageni. Huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kualikwa na Mjerumani kwenye sherehe ya namna hiyo.

Swali lote la lugha na uhamiaji limo ndani ya dakika hizo 16. Wanasiasa wa Ulaya, na hata ndugu zetu wakitupigia simu kutoka huko, husema kwamba ukishaijua lugha mengine yatafuata yenyewe: kazi, marafiki, makaratasi, heshima. Kuna ukweli mwingi hapo, na ushahidi nitautaja. Lakini nikiangalia kilichoandikwa kuhusu jambo hili kwa nusu karne iliyopita, naona mpangilio huo umegeuzwa. Mara nyingi watu ndio wanaotangulia, lugha inawafuata. Anayepata mtu wa kuongea naye ndiye anayejifunza, na asiyempata anabaki na daftari.

Kwa wasomaji wa Kiswahili hili si jambo la mbali. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa wafanyakazi, na muuguzi anayetaka kutambuliwa huko hudaiwa Kijerumani cha ngazi ya B2, yaani cha kumwelewa mgonjwa anayelalamika na daktari anayeharakisha. Kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko zote katika mpango wa Marekani wa kuwapa wakimbizi makazi, na wengi wao ni watu wa Kivu waliokwenda na Kiswahili chao. Wapo walio Norwe, Uswidi, Kanada. Wote wameanza upya kutamka jina lao, anwani yao na tarehe ya kuzaliwa kwa lugha wasiyoizoea.

Ujerumani yenyewe ilichelewa kuliona tatizo. Ilianza kuagiza vibarua kutoka Italia mwaka 1955, ikaongeza Waturuki mwaka 1961, ikaufunga mlango mwaka 1973. Waliitwa wafanyakazi wageni, na mgeni, kwa hesabu ya siku zile, huondoka. Kwa hiyo serikali haikuhangaika kuwafundisha. Wengi walilala kwenye mabweni ya kampuni pamoja na watu wa kwao, na msimamizi aliwaamuru kwa Kijerumani kilichokatwakatwa, vitenzi vikiwa havijanyambuliwa, kama mtu anayesema na mtoto mchanga. Wakakiokota hichohicho, kisha wakachekwa kwa kukisema.

Katikati ya miaka ya 1970 wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Heidelberg waliwachunguza Wahispania na Waitalia 48 wa kundi hilo, wakitaka kujua kwa nini wengine wamefika mbali na wengine wamekwama. Wingi wa miaka ya kukaa nchini ulisaidia mwanzoni tu. Umri na elimu vilikuwa na uzito wake. Lakini kilichokwenda sambamba zaidi na ufasaha wa mtu kilikuwa maongezi na Wajerumani baada ya saa za kazi: jirani, mchumba, wenzake wa mpira. Ilichukua miaka mingine thelathini kabla sheria mpya ya uhamiaji, iliyoanza kutumika mwaka 2005, haijaleta kozi rasmi. Leo kozi hiyo ni saa 600 za lugha na saa 100 za kufundishwa historia, sheria na desturi za nchi. Shabaha ni ngazi ya B1, ambayo ndiyo pia hudaiwa kwa ukaazi wa kudumu na uraia.

Saa 600 zinasikika nyingi. Zilinganishe na za wanadiplomasia wa Marekani. Chuo chao huwapa wiki 30 hadi 36 za kusoma Kijerumani kutwa, na hao ni watu wenye shahada, wanaolipwa mshahara kusoma, darasani wako wachache, na Kiingereza chao ni binamu wa Kijerumani. Sasa mchukue mama aliyetoka Uvira, mwenye watoto wanne, aliyeishia darasa la sita, ambaye ratiba ya basi ndiyo inayoamua kama atawahi darasani. Mwambie atamke neno lililofungwa konsonanti tatu mwanzoni na tatu mwishoni, yeye ambaye lugha yake haipendi silabi isiyoishia kwa irabu. (Kwenye jinsia za nomino, haki isemwe, Mswahili hapati mshangao anaoupata Mwingereza. Aliyekua na ngeli haogopi jinsia tatu.) Wanaosema wahamiaji hawataki kujifunza sidhani kama wameipiga hesabu hiyo.

Tuje kwenye faida. Upande wa kazi ndio uliopimwa zaidi kwa sababu ni rahisi kupimika. Uswisi iliwapa watafiti nafasi adimu. Nchi hiyo huwagawa waomba hifadhi kwenye majimbo yake kwa uwiano wa idadi ya watu, bila kuuliza nani anajua lugha gani, na majimbo mengine ni ya Kifaransa, mengine ya Kijerumani. Mkongo anayejua Kifaransa anaweza kujikuta Lausanne au anaweza kujikuta Zürich, kama aliyepigiwa kura. Daniel Auer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, alionyesha kwamba wale ambao bahati iliwaangukia mahali ambapo lugha wanayoijua ndiyo inayosemwa walipata kazi mapema kuliko wenzao. Walitoka hali moja na wakapitia utaratibu mmoja. Ni lugha ya mtaani tu iliyotofautiana. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi safi kuliko takwimu nyingi zinazolinganisha wanaojua na wasiojua, maana anayejifunza haraka huenda angefanikiwa hata hivyo.

Ufaransa nako kuna matokeo yanayofikirisha. Huko mhamiaji alipewa saa za kozi kulingana na alama zake kwenye jaribio la mwanzo, hivyo waliokuwa chini kidogo ya mstari walifundishwa na waliokuwa juu kidogo hawakufundishwa. Watafiti watatu walipowafuatilia waliona kwamba kila saa 100 za kozi ziliongeza uwezekano wa mtu kuingia kwenye soko la kazi kwa pointi za asilimia kati ya 15 na 27. Hilo ni ongezeko kubwa mno kwa saa chache hivyo. Saa 100 hazimfanyi mtu awe msemaji wa Kifaransa. Nadhani kilichofanya kazi ni darasa lenyewe: mtu ametoka nyumbani, amekaa na wenzake, amesikia nani anaajiri, ofisi ipi ina foleni fupi, fomu ipi usiijaze kwa kalamu nyekundu.

Hata hivyo kazi peke yake hainiridhishi kama kipimo, kwa sababu mtu anaweza kubeba maboksi ghalani miaka kumi bila kuhitaji zaidi ya maneno hamsini. Mahali lugha inapouma zaidi ni nyumbani.

Fikiria kliniki katika mji wowote wa Marekani walikopelekwa Wakongo. Mama ana maumivu chini ya tumbo. Mkalimani wa simu hajapatikana, au amepatikana lakini Kiswahili chake ni cha Dar es Salaam na mama anasema cha Bukavu, anasema "batoto" na kuchanganya Kifaransa kila neno la tatu, wakaelewana nusu. Basi anaitwa binti wa miaka kumi na moja aliyekuja kumsindikiza. Daktari anauliza mara ya mwisho mama alipata hedhi lini, na kama mimba iliyotangulia iliharibika. Binti anaangalia sakafu. Mama naye anaangalia ukuta. Swali linatafsiriwa likiwa limepunguzwa, jibu linarudi likiwa limepunguzwa zaidi, na daktari anaandika alichosikia. Wakirudi nyumbani binti anafungua barua ya shirika la umeme, anazungumza na mwenye nyumba, na anasaini taarifa ya shule kuhusu utovu wake mwenyewe wa nidhamu, maana yeye ndiye aliyeisoma.

Kwetu mtoto hamwambii mzazi la kufanya. Pale, hata kama hakutaka, ndiye mwenye ufunguo wa nyumba, na baba aliyekuwa akisikilizwa ukoo mzima anasubiri mtoto arudi shule ili ajue kama atakatiwa maji. Watu huita hali hiyo utovu wa adabu wa watoto wa ughaibuni. Mara nyingi ni uhaba wa lugha kwa wakubwa. Mzazi anapoweza kuipiga simu ya shule mwenyewe, hata kwa sentensi zilizopinda, daraja za nyumbani zinarudi mahali pake, na mtoto anapumzika na kazi ambayo haikuwa yake.

Denmark imelionyesha hili kwa namna ambayo sikuitarajia. Mwaka 1999 nchi hiyo ilibadili sheria, na wakimbizi waliopewa hifadhi kuanzia Januari mwaka huo walipata masomo mengi zaidi ya Kidenmark kuliko waliowatangulia. Watafiti waliwafuatilia kwa karibu miongo miwili. Waliopata masomo zaidi walikuwa na ajira zaidi na kipato kizuri zaidi miaka mingi baadaye. Kilichonishika ni watoto wao. Walimaliza shule ya msingi na sekondari ya chini kwa wingi zaidi, na wavulana waliingia mara chache zaidi kwenye mikono ya polisi. Aliyefundishwa ni mzazi, aliyetulia ni kijana. Nchi hiyohiyo, mwaka 2018, iliamua kwamba mgonjwa aliyekaa humo zaidi ya miaka mitatu ajilipie mkalimani hospitalini, kwa kisingizio cha kumhimiza ajifunze. Sijui ni mzee gani wa miaka sitini hujifunza Kidenmark kwa kuogopa bili ya mkalimani. Ninachojua ni kwamba ataleta mjukuu.

Marekani ilikuwa imepiga hatua upande huo wa ukalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na kanuni zilizofuata, ziliwabana wanaopokea fedha za serikali kuu wasimbague mtu kwa asili yake, na lugha ikahesabiwa humo. Kanuni za afya za mwaka 2016 zilikataza kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani isipokuwa kwenye dharura. Machi 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi, akaifuta amri ya Rais Bill Clinton ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali ziwahudumie wasiojua Kiingereza vizuri. Wanaoiunga mkono wanasema itawasukuma wageni kujifunza. Hoja hiyo inachukulia kwamba kinachokosekana ni msukumo. Ukweli ni kwamba kinachokosekana ni mtu wa kuongea naye.

Wanaisimu wanamkumbuka Alberto. Hilo ni jina alilopewa na John Schumann, aliyemfuata kwa miezi kumi huko Massachusetts mnamo 1973. Alikuwa na miaka 33, ametoka Costa Rica, na Kiingereza chake mwishoni kilikuwa karibu kilekile cha mwanzoni. Schumann alimpima akili akaona hana kasoro. Alichokuwa nacho ni umbali na wenye lugha: aliishi na watu wa kwao, alifanya kazi mchana na akaongeza ya usiku, hakununua televisheni kwa kuwa haelewi kinachosemwa, alinunua redio ya kaseti na kusikiliza nyimbo za Kihispania. Watanzania waliowahi kulala wanne chumba kimoja London au Houston wanamjua Alberto, ila kwao anaitwa jina jingine.

Mkabala naye yupo msanii wa Kijapani huko Hawaii, ambaye Richard Schmidt alimwita Wes katika makala ya mwaka 1983. Kwa miaka mitatu sarufi yake haikusogea sana. Nyakati za vitenzi zilimchanganya, wingi aliusahau. Lakini aliuza picha, alitongoza, alichekesha, alibishana, na marafiki zake Wamarekani walimwona msemaji mzuri. Mwalimu wa sarufi angemfelisha. Mimi ningempa cheti. Mitihani ya uraia inapima kilichomshinda Wes, na sehemu kubwa ya maisha inahitaji alichokimudu.

Je, ni hulka tu, mmoja mchangamfu na mwingine mpole? Bonny Norton alijibu swali hilo baada ya kuwafuatilia wanawake watano wahamiaji nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mmoja wao, aliyemwita Eva, alitoka Poland, akapata kazi kwenye mgahawa wa chakula cha haraka. Alitaka sana kuongea. Alipewa kazi za kufagia na kubeba takataka, kazi za mtu mmoja, na wenzake wakampita kama kiti. Hali ilibadilika wafanyakazi walipopelekwa matembezini na mgahawa. Nje ya sare wakamwona mtu, wakamsemesha, na Kiingereza chake kikaanza kupanda. Utayari wa Eva ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni wale wengine.

Ndiyo maana ushauri wa "changamana na wenyeji" hunikera kidogo ukitolewa kwa mgeni peke yake. Zamu za usiku, usafi wa ofisi baada ya wenye ofisi kuondoka, machinjio ambamo kulia kwako ni Msomali na kushoto ni mtu wa Burma: hizo ndizo kazi anazopewa asiyejua lugha, na ndizo zinazomhakikishia hataijua. Ongeza desturi za kaskazini. Mswahili aliyezoea kuuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto kabla ya kusema shida yake anapanda basi la Oslo ambamo kila abiria amejitafutia kiti cha peke yake, na kuongea na usiyemjua ni dalili ya ulevi.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakaingia Tanzania, wengi waliwekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Wengine walikwenda Kigoma mjini na kujitafutia. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na makundi yote mawili katikati ya miaka ya 1980. Wa Mishamo, waliotengwa msituni pamoja, walijiona taifa lililo uhamishoni, wakishika historia yao kwa nguvu. Wa Kigoma walikuwa wameingia mjini: wameoana na wenyeji, wana vibanda sokoni, Kiswahili chao ni cha watu wa Kigoma, na aliyeulizwa kabila alijibu kadiri alivyoona inafaa siku hiyo. Hakuna aliyewapa kozi ya saa 600. Walikuwa na soko, kisima cha maji, shule ya watoto na majirani ambao wengi nao Kiswahili hawakuzaliwa nacho. Nadhani hilo la mwisho ndilo siri. Lugha ambayo wasemaji wake wengi walijifunza wakiwa na nyingine nyumbani huwa na masikio ya uvumilivu.

Watoto wa makazi hayo nao walisoma kwa Kiswahili kwa mtaala wa Tanzania, na mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo la 1972 walipewa uraia. Siwezi kudai kwamba mambo yalikuwa shwari. Septemba 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, watu walioishi humo miaka mingi waliondolewa, na lafudhi ilitosha kumtia mtu mashakani. Kiha cha Kigoma na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Muha mwenyewe, aliyezaliwa Kasulu, ameshasimamishwa barabarani athibitishe alivyo Mtanzania. Lugha inayomkaribisha mgeni ndiyo hiyohiyo inayoweza kutumiwa kumchuja.

Limebaki suala ambalo wazazi wa ughaibuni huliuliza kila siku: je, ili mtoto ajue lugha ya huko, tumkatie ya nyumbani? Walimu wengine huwaambia hivyo kwa nia njema. Matokeo ni baba anayemlea mwanawe kwa Kiswidi cha maneno mia tatu, hana la kumwambia zaidi ya kula, lala na nyamaza. Uswidi yenyewe iliona mbali. Tangu mageuzi ya 1977 imekuwa ikifundisha watoto lugha za nyumbani shuleni. Denmark ilifuta mwaka 2002 wajibu huo kwa lugha nyingi za wahamiaji wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Mtoto ataipata lugha ya nchi kwa shule, mpira na katuni, hilo halina mashaka. Ya nyumbani asipopewa na mzazi haipati popote, na siku bibi akipiga simu kutoka Tanga watabaki kuonyeshana meno kwenye skrini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mtu anayejiandaa kusafiri, usimwambie tu anunue kamusi. Mwambie kama ana nafasi ya kuchagua kazi mbili, achukue ile yenye watu, hata ikilipa pungufu kidogo miaka miwili ya mwanzo. Ajiunge na kwaya, timu, au chama cha wazazi shuleni, mahali ambapo watu hukutana kila wiki na jina lake litajulikana. Hospitalini adai mkalimani mtu mzima na amwache mtoto shuleni. Na kwa sisi tuliobaki, Mchina au Mrundi anayejaribu Kiswahili dukani kwako Kariakoo, usimkatishe kwa Kiingereza wala usimcheke. Mjibu kwa Kiswahili, polepole, umalize biashara naye.